Kasi ya Kindege: Uwajibikaji, Kodi na Kamari ya Simu Kasigau

"Cheza kwa uwajibikaji." Onyo hili hufuata matangazo ya kubeti redioni na kwenye simu, na huwafikia wakazi wa Rukanga, Bungule, Makwasinyi, Jora na Kiteghe, vijiji vilivyouzunguka mlima Kasigau kusini-mashariki mwa Kenya, sawa na linavyomfikia mkazi wa Nairobi. Asili yake kitaaluma inajulikana. Mwaka 2004 watafiti Blaszczynski, Ladouceur na Shaffer walipendekeza kile kiitwacho mfumo wa Reno: kampuni itoe taarifa, mchezaji aamue mwenyewe. Nadai kwamba katika mazingira ya Kasigau pendekezo hilo limekosea mahali pa kuanzia. Linauliza mchezaji ni mtu wa namna gani, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa mchezo wenyewe unakwenda kwa kasi gani.

Kwamba kamari huweza kuwa ugonjwa si jambo la kubishaniwa tena. Wataalamu wa akili wa Marekani waliiweka katika kundi moja na uraibu mwingine mwaka 2013, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inaitambua. Ubishi uko kwingine: nani huumia, na kwa nini. Uchunguzi wa kampuni ya utafiti ya GeoPoll wa 2017 ulieleza kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, na takwimu hiyo imenukuliwa mno. Lakini uchunguzi ulifanywa kwa simu, na "kuwahi kucheza" humweka aliyebeti mara moja wakati wa Kombe la Dunia katika kapu moja na anayekesha akibeti. Haituelezi nani ameumia.

Hoja nzito zaidi ni ya mwanaanthropolojia Mario Schmidt, aliyeandika mwaka 2019 kuhusu magharibi mwa Kenya. Kwake yeye kubeti si upumbavu. Ni njia ya kuiendea kesho pale ambapo ajira na mshahara havitabiriki. Ninaiheshimu hoja hii, na Kasigau ingeweza kuwa shahidi wake mzuri. Ukanda huu una vito vya tsavorite, ambavyo mwanajiolojia Campbell Bridges alivifuatilia kutoka Tanzania hadi upande huu wa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchimbaji mdogo anayeshuka shimoni anabahatisha. Mkulima anayepanda pojo akijua ndovu wa Tsavo wanaweza kupita usiku mmoja kabla ya mavuno, naye anabahatisha. Kwa nini basi tumlaumu anayebahatisha kwa simu?

Mimi simlaumu. Nasema tu kwamba bahati hizi hazifanani. Shimo lina mwendo wake: wiki, pengine miezi, na watu kadhaa wanaojuana, mara nyingi na mfadhili anayetoa chakula na zana kwa makubaliano ya kugawana kitakachopatikana. Mchimbaji akianza kupoteza akili, wenzake wanamwona. Simu haina shahidi na haina msimu.

Tuutazame mchezo wa Aviator, kindege kinachopaa kwenye skrini huku kizidishi kikipanda, na mchezaji akitakiwa kutoa pesa zake kabla hakijatoweka. Watengenezaji wake, Spribe, hutangaza kwamba mchezo hurudisha asilimia 97 ya madau. Tuchukue dau la shilingi 20, ambalo ndilo kiwango cha chini cha dau la mtandaoni katika Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, na raundi moja kila sekunde 20. Mchezaji hupoteza wastani wa senti 60 kwa raundi. Ni kidogo, hakiumi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Hadi Juni 2025 ushuru wa kubeti ulikuwa asilimia 15 ya kila dau. Katika dau la shilingi 20, tatu zilikwenda serikalini, na ukijumlisha hasara ya mchezo wenyewe, mchezaji alipoteza shilingi tatu na nusu hivi kila raundi. Shilingi 200 zilimtosha, kwa wastani, raundi 57, yaani dakika 19. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaubadili ushuru huo tangu Julai: asilimia 5 ya pesa zinazowekwa katika akaunti ya kubetia. Sasa anayeweka 200 hukatwa 10 mara moja, na zile 190 humchezesha kwa wastani raundi 316. Ni saa moja na dakika 45.

Juu juu, huu ni unafuu: pesa zile zile, starehe ndefu zaidi. Lakini Natasha Dow Schüll, aliyewachunguza wachezaji wa mashine za Las Vegas na kuchapisha matokeo yake mwaka 2012, alionyesha kwamba mraibu hatafuti ushindi. Anatafuta kubaki ndani ya mchezo, na mashine huundwa ili abaki. Kwa mtazamo huo, ushuru wa zamani, bila mtu kukusudia, ulikuwa breki: kila raundi ilikuwa na gharama inayohisika. Ushuru wa sasa umeifanya kasi kuwa bure. Muda uliokuwa dakika 19 umezidi mara tano, na ndani ya muda huo ndimo mkono huzoea kuweka nyingine 200. Kiwango cha chini cha dau hakisaidii hapa, kwa kuwa hakigusi kasi ya raundi.

Watetezi wa mabadiliko husema ushuru mzito uliwasukuma wachezaji kwenye tovuti zisizo na leseni. Huenda ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo hoja hiyo inahusu ukubwa wa ushuru, haihusu mahali unapokatwa. Ushuru mdogo kwa kila raundi ungewezekana. Kikomo cha raundi kwa saa kingewezekana pia, na hicho hakina uhusiano wowote na hazina ya serikali. Nadhani, ingawa sina budi kulisema hili kwa tahadhari, kikomo cha namna hiyo kingeokoa watu wengi kuliko maonyo yote ya redio.

Na aliyekwisha kunaswa? Kujifungia akaunti katika kampuni moja humwachia nyingine nyingi. Nambari ya simu 1192 ya mamlaka ya NACADA iliundwa kwa ajili ya pombe na dawa za kulevya. 1199 ya Msalaba Mwekundu hupokea wenye dhiki ya moyo, na anayefikiria kujidhuru apige hata usiku huu. Hospitali ya rufaa iko Voi, na kutoka Makwasinyi kwenda huko na kurudi ni nauli na siku nzima ya kazi. Aliye karibu ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023, anayepita nyumba kwa nyumba kupima presha na sukari.

Napendekeza mhudumu huyo aongezewe maswali mawili, yaliyotungwa na Johnson na wenzake mwaka 1997 na kutumiwa katika nchi nyingi tangu hapo. Umewahi kuhisi lazima ubeti pesa nyingi zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu unaowajali kuhusu kiasi unachobeti? Anayejibu ndiyo hata kwa moja aombwe kuchukua taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita na kujumlisha mwenyewe, kwa kalamu, pesa alizotuma kwa kampuni za kubeti na zilizorudi. Asihubiriwe. Akishaiona jumla, achague mtu mmoja, mke, mume, dada au mweka hazina wa chama, wa kumshikia pesa kwa muda, na mhudumu arudi baada ya mwezi kuitazama taarifa mpya pamoja naye.

Swali la pili ndilo gumu. Nyumbani ambako kila mtu ana namba yake ya siri, mhudumu atalazimika kuliuliza faraghani, nje, mbali na wengine, na kusubiri jibu kwa muda mrefu kuliko anavyosubiri kipimo cha presha.