Harambee ya tela la farasi: Fedha zichangwe, lakini uzito upimwe kwanza

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka yanapofika majira ya joto, barabara za mashambani nchini Marekani hujaa magari yanayovuta matela yenye farasi ndani yake. Wengi wa farasi hao huwa safarini kuelekea kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, na wanaowapeleka ni watoto na vijana wanaosindikizwa na wazazi wao.

Kabla ya safari hiyo, kikundi cha vijana hulazimika kujibu maswali mawili. La kwanza ni fedha za kununulia tela zitatoka wapi. La pili ni iwapo gari lililopo lina uwezo wa kulivuta tela hilo likiwa limejaa.

Kwa mtazamo wa haraka maswali hayo hayahusiani, kwa kuwa moja ni la mweka hazina na jingine ni la dereva. Hata hivyo, kikundi kinachochangisha kwanza na kupima baadaye kinaweza kujikuta kimenunua tela zuri ambalo hakuna gari la mzazi hata mmoja linaloweza kulivuta kwa usalama.

Chimbuko la vikundi hivyo

Kikundi kinachofahamika zaidi katika shughuli hizo ni 4-H. Historia yake huanzia Januari 1902, pale A. B. Graham, aliyekuwa msimamizi wa shule katika Wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, alipowakusanya watoto wa wakulima mjini Springfield ili wajifunze kilimo kwa vitendo.

Herufi nne za H zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Smith-Lever iliyoweka msingi wa huduma za ugani zinazoendeshwa na vyuo vikuu vya umma, na 4-H ikawa sehemu ya huduma hizo hadi leo.

Kwa upande wa farasi pekee, chama cha Pony Club kilianzishwa nchini Uingereza mwaka 1929, na chama kama hicho kikaundwa Marekani mwaka 1954.

Wazo la 4-H halikuishia huko. Nchini Kenya lilizaa vikundi vya 4-K vya shuleni, jina linalotokana na maneno Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021.

Fedha hupatikanaje

Njia iliyozoeleka ni kuuza kitu kidogo kwa watu wengi. Mwaka 1917 wasichana wa skauti wa mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma, walioka biskuti na kuziuza shuleni ili kugharimia shughuli zao. Kutokana na jambo hilo dogo ukakua utaratibu wa uuzaji biskuti ambao sasa unafahamika nchi nzima.

Vikundi vingine huosha magari, huuza keki na chakula cha jioni, au huandaa matembezi ya farasi ambapo wafadhili huahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila maili itakayokamilishwa. Vikundi vya farasi hupendelea pia soko la siku moja la matandiko, hatamu na mavazi yaliyotumika, kwa kuwa watoto hukua na vifaa vyao huwa vidogo kabla havijachakaa.

Watoto wanaofuga ng'ombe, nguruwe au kondoo huwa na mlango mwingine wa mapato. Mwishoni mwa maonyesho, mifugo yao huuzwa kwa mnada, na wafanyabiashara wa eneo hilo mara nyingi hutoa bei inayozidi ile ya soko ili kuwatia moyo. Mtoto wa farasi hana faida hiyo, maana farasi wake hauzwi bali hurudi naye nyumbani. Ndiyo maana suala la michango huwa zito zaidi kwa vikundi vya farasi.

Aidha, zipo sheria zinazopaswa kuzingatiwa. Bahati nasibu, hata ile ya kuchangia jambo jema, huhesabiwa na majimbo mengi kuwa mchezo wa kubahatisha unaohitaji kufuata masharti maalumu. Katika jimbo la Utah, katiba yenyewe hairuhusu Bunge kuhalalisha michezo hiyo. Jina na nembo ya 4-H navyo vinalindwa na sheria ya shirikisho, hivyo kikundi hakiwezi kuvichapisha kwenye bidhaa yoyote bila idhini.

Fedha ni za kikundi, si za mtoto

Jambo linalozua ugomvi mara kwa mara ni mgawanyo. Mzazi ambaye mwanawe ameuza maboksi 100 ya biskuti hujiuliza kwa nini mtoto aliyeuza matano asafiri kwenye tela lile lile. Baadhi ya vikundi vilijaribu kumaliza manung'uniko hayo kwa kumfungulia kila mtoto akaunti yake ndani ya mfuko wa pamoja.

Utaratibu huo ulifikishwa mbele ya sheria. Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliunga mkono uamuzi wa mamlaka ya kodi wa kukifutia msamaha wa kodi kikundi cha wazazi wa wanamichezo wa jimnastiki cha Capital Gymnastics, katika jimbo la Virginia. Kosa lilikuwa kwamba faida ya mauzo iligawiwa kwa kila familia kulingana na kiasi ilichouza, hivyo wazazi wakawa wanajichangishia wenyewe badala ya kuchangia kikundi.

Funzo lake ni kwamba mchango uliotolewa kwa jina la kikundi sharti utumike kwa manufaa ya wote. Kadhalika, inashauriwa kuwa na watu wawili wanaotia saini benki, stakabadhi kwa kila kiasi kinachopokelewa, na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya wanachama, wakiwamo watoto wenyewe.

Mweka hazina makini pia huhesabu faida wala si mauzo. Keki zilizoingiza dola 400 huku unga, sukari na mayai vikigharimu dola 150 zimeleta dola 250 tu. Na bei ya tela si mwisho wa gharama, kwani kuna bima, usajili, matairi na matengenezo ya breki.

Kumpima farasi bila mzani

Hapo ndipo hesabu ya pili inapoanza. Farasi wa kawaida wa kupandwa huwa na uzito wa kati ya kilo 450 na 550. Wamiliki wachache wana mzani wa kumsimamisha mnyama wa namna hiyo, lakini utepe wa kupimia unatosha.

Hupimwa kwanza mzingo wa kifua, kwa kuuzungusha utepe nyuma tu ya miguu ya mbele na kuupitisha juu ya kinundu cha mabega. Kisha hupimwa urefu wa mwili, kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo huzidishwa kwa mzingo, jibu likazidishwa kwa urefu, na jumla hiyo ikagawanywa kwa 11,880 iwapo vipimo ni vya sentimita. Jibu ni uzito kwa kilo.

Kwa mfano, farasi mwenye mzingo wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 165 atakuwa na kilo 450. Mwenye mzingo wa sentimita 190 na urefu wa sentimita 170 atafikia takriban kilo 517. Tofauti ya sentimita chache kifuani na katika urefu imeongeza kilo zaidi ya 60, sawa na uzito wa mtu mzima mwembamba.

Jumla ya mzigo

Tuchukulie tela la farasi wawili lenye uzito wa kilo 1,400 likiwa tupu. Farasi wale wawili wanaongeza kilo 967. Matandiko, blanketi na hatamu ni kilo 50. Marobota mawili ya majani makavu ni kilo 50 nyingine. Maji lita 80 ni kilo 80 kamili, na masanduku ya vifaa vya kusafishia, kamba na ndoo yanafika kilo 50. Jumla ni kilo 2,597.

Magari mengi ya familia yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yameidhinishwa kuvuta pauni 3,500, yaani kilo 1,588. Mengine yenye nguvu zaidi huvuta pauni 5,000, ambazo ni kilo 2,268. Katika mfano huu, hata gari hilo la pili limezidiwa kwa kilo 329, ingawa lingeweza kulivuta tela tupu kutoka kwa muuzaji bila dalili yoyote ya shida. Wanunuzi wengi hudanganyika hapo.

Wataalamu wengi hushauri mzigo usizidi asilimia 80 ya uwezo wa gari. Kwa kilo 2,597, gari linalofaa ni lile lenye uwezo wa kuvuta takriban kilo 3,250 au zaidi. Tela lenyewe pia lina kikomo chake, ambacho huandikwa kwenye kibao cha chuma au kibandiko cha mtengenezaji.

Uzito unaokandamiza nyuma ya gari

Kipimo kingine kinachosahaulika ni uzito unaoshuka pale tela linapofungwa kwenye gari. Kwa matela ya kawaida, uzito huo unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa, yaani kati ya kilo 260 na 390 katika mfano wetu. Ukipungua, tela huanza kuyumba kushoto na kulia na linaweza kulipindua gari. Ukizidi, sehemu ya mbele ya gari huinuka na usukani hupoteza nguvu.

Uzito huo huhesabiwa kama mzigo uliobebwa na gari. Pikapu yenye kibandiko mlangoni kinachoruhusu watu na mizigo ya kilo 700, ikipokea kilo 325 kutoka kwenye tela na kubeba watu wanne wenye jumla ya kilo 300, hubakiwa na kilo 75 tu. Mahema na masanduku ya chakula ya kikundi huzimaliza upesi.

Njia ya uhakika zaidi ni kupita kwenye mzani. Nchini Marekani mizani ya malipo hupatikana kwenye vituo vingi vya mafuta vya malori, na yeyote anaweza kuitumia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mizani ya namna hiyo si kitu kigeni, kwani malori hupimwa kila siku Mariakani na Mlolongo nchini Kenya, na Vigwaza nchini Tanzania. Tofauti ni kwamba dereva wa tela la farasi huenda mwenyewe, bila kusimamishwa na mtu.

Mzigo wenye uhai

Farasi si mfuko wa saruji. Huhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hushtuka, na uzito wake uko juu. Kwa sababu hiyo, akisafirishwa mmoja katika tela la wawili, husimamishwa upande wa dereva, ulio karibu na katikati ya barabara, kwa kuwa barabara huinama kuelekea pembezoni. Marekani upande huo ni wa kushoto, ilhali Uingereza na Afrika Mashariki ni wa kulia. Wakiwa wawili, mzito ndiye huwekwa upande huo.

Kabla ya kuondoka hukaguliwa breki za tela, minyororo ya usalama, taa na sakafu. Sakafu ya mbao huoza taratibu kutokana na mkojo, na farasi anaweza kuitoboa kwa mguu gari likiwa kwenye mwendo. Matairi nayo huzeeka hata yakiwa na kashata nzuri. Tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Kwa kikundi kinachopanga harambee, mpangilio salama ni kuanza na utepe wa kupimia, kufuatia na kibandiko cha mlangoni mwa gari, kisha ndipo ijulikane tela la kununua na kiasi cha fedha kinachotafutwa. Mfadhili akiuliza kwa nini zinahitajika fedha kiasi hicho na si pungufu, watoto watakuwa na hesabu ya kumwonyesha.