Taka za Probo Koala na Uwajibikaji wa Jiji la Abidjan

Tukio la Agosti 2006 katika jiji la Abidjan, Kodivaa, hukumbukwa zaidi kwa jina la meli, Probo Koala, na la kampuni ya biashara ya mafuta iliyoikodi, Trafigura, ilhali upande wake unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni ule wa mamlaka za mji zilizokabidhiwa ulinzi wa dampo, ambazo tume ya taifa ilizikuta na makosa lakini ambazo hakuna kiongozi wao aliyehukumiwa kwa makosa hayo.

Taka zenyewe zilizaliwa baharini. Trafigura ilikuwa imenunua mafuta machafu yenye salfa nyingi yaliyotoka Mexico, ikayasafisha ndani ya meli kwa kostiki soda, kemikali kali inayotumika pia kutengenezea sabuni, na mabaki yake yakawa majimaji yenye harufu isiyovumilika. Mwezi Julai meli ilijaribu kuyashusha Amsterdam, lakini harufu ilipowashtua watu na kampuni ya huko ikapandisha bei hadi takriban euro 1,000 kwa mita moja ya ujazo, shehena ilirudishwa melini na meli ikaruhusiwa kuondoka. Mjini Abidjan kazi hiyohiyo ilikubaliwa kwa dola 35 hivi kwa kila mita ya ujazo na kampuni iliyoitwa Tommy, iliyokuwa imepata leseni mwezi uleule wa Julai, na ambayo haikuwa na mtambo wowote wa kusafishia taka za aina hiyo. Usiku wa Agosti 19 malori yalianza kumwaga katika dampo la Akouédo na sehemu nyingine nyingi za jiji na viunga vyake, jumla ikiwa zaidi ya mita 500 za ujazo. Kwa hesabu za serikali, watu zaidi ya 100,000 walikwenda kutafuta matibabu na wasiopungua 15 wakafariki, ingawa Trafigura imekana siku zote kwamba taka hizo zingeweza kuua.

Akouédo halikuwa shimo lisilo na mwenyewe. Lilikuwa dampo la jiji tangu miaka ya 1960, lililokusudiwa taka za majumbani, na mwaka 2006 lilikuwa chini ya Distrikti ya Abidjan, yaani mamlaka ya juu iliyounganisha manispaa za jiji chini ya gavana mmoja. Kwa hiyo swali la nani aliruhusu malori ya kemikali kuingia usiku lilikuwa na anwani inayojulikana, na wananchi waliofunga barabara kwa hasira walilijua hilo.

Serikali ya Waziri Mkuu Charles Konan Banny ilijiuzulu Septemba 6, na gavana Pierre Djédji Amondji, mkurugenzi wa bandari Marcel Gossio na mkuu wa forodha Gnamien Konan wakasimamishwa kazi. Tume ya taifa ya uchunguzi, iliyotoa ripoti mwezi Novemba, iligawa lawama baina ya wizara ya uchukuzi, bandari, forodha na Distrikti yenyewe. Siku chache baadaye Rais Laurent Gbagbo aliwarejesha wote watatu madarakani, ijapokuwa Banny, aliyebaki kuwa waziri mkuu, alipinga. Ni vigumu kuona jinsi uchunguzi ungeweza kudharauliwa waziwazi zaidi ya hivyo.

Mambo yaliyofuata yaliziba njia zilizobaki. Februari 2007 serikali ilipokea faranga za CFA bilioni 95 kutoka kwa Trafigura na kuachana na madai yake, na Oktoba 2008 mahakama ya Abidjan ikawatia hatiani watu wawili tu, mkurugenzi wa Tommy kwa miaka 20 na wakala mmoja wa meli kwa miaka 5. Huko Uholanzi, ambako Trafigura ilitozwa faini ya euro milioni moja mwaka 2010, jiji la Amsterdam nalo lilishtakiwa, lakini mahakama ikaona kuwa lina kinga kwa vile lilikuwa likitekeleza kazi ya umma.

Kesi ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ambako mashirika ya haki za binadamu yaliishtaki dola ya Kodivaa mwaka 2016. Hukumu ya Septemba 5, 2023 ilisema kwamba dola ilikiuka haki ya uhai, ya afya, ya mazingira safi, ya kupata habari na ya kupata nafuu ya kisheria, ikaamuru ulipwaji wa fidia na kufanywa kwa uchunguzi huru utakaobainisha wahusika mmoja mmoja. Uchunguzi huo hautakuwa kamili usipoanzia kwenye lango la Akouédo, kwa kutaja ofisi iliyokuwa na ufunguo wake, na kwa kuwaeleza hadharani wakazi wa mitaa iliyomwagiwa sumu kwa nini ripoti ya 2006 haikumfikisha kiongozi yeyote wa jiji kizimbani.