Kivuli cha Jabali la Lukenya

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukisha kuupita mji wa Athi River, utakiona kilima cha Lukenya kimeinuka juu ya mbuga. Chini ya majabali yake mna mapango, na katika baadhi ya hayo mna alama za rangi. Mwaka 1975 mtafiti wa mambo ya kale, R. M. Gramly, alizilinganisha na chapa za ng'ombe, akadhani kuwa wafugaji walizichora walipokwenda huko kula nyama. Alama hizo ni bapa, hazina kivuli. Usidhani kuwa wachoraji wake walipungukiwa na akili. Chapa yatosha kutambulika tu, nayo hutambulika kwa umbo lake. Lakini mtu atakaye kuchora jabali lenyewe, lionekane zito na la mviringo, hana budi kujifunza elimu ya nuru.

Elimu hii ni ya zamani. Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, alififiza mpaka wa nuru na giza mfano wa moshi. Mwaka 1760 Johann Lambert alieleza kwa hesabu jinsi uso usiometa unavyong'aa uielekeapo nuru, na kufifia uipapo ubavu. Hesabu hiyo ikaja kuingia katika kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Henri Gouraud alionyesha mwaka 1971 namna ya kulainisha kivuli juu ya umbo lililoungwa kwa vipande bapa: nuru hupimwa penye ncha za kila kipande, kisha vipimo huchanganywa katikati. Mwaka 1973 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, akaongeza ule mmeto mkali uonekanao juu ya kitu laini. Alifariki mwaka 1975, angali kijana.

Nawe mwenye kishikwambi, litazame jabali moja saa moja asubuhi, ulirudie saa sita mchana. Utadhani ni majabali mawili. Wanafunzi wengi hutia weusi pembeni mwa kila kitu pasipo kuuliza jua liko wapi; mimi naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko mstari uliopinda. Kwanza paka rangi bapa katika tabaka moja, kama wale wa mapangoni. Juu yake fungua tabaka la kivuli, ukaiache rangi nyeusi, kwa maana kivuli chini ya anga wazi hupata ubuluu wa mbingu, na tumbo la jabali huazima wekundu wa udongo. Pale jabali linapojipinda, kivuli kififize polepole. Pale linapokitupa kivuli chake chini, karibu na shina lake, ukingo na uwe mkali.

Mwisho, chora juu ya jabali lako alama moja mfano wa zile za pangoni (zile zenyewe usiziguse). Ipitishe chini ya tabaka la kivuli, uone jinsi inavyozunguka pamoja na jiwe.