Ua la Mvua

Nilikwenda Majimoto kukusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nilitaka kujua misitu ilitunzwaje kabla ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuanzishwa mwaka 1974. Bibi alianza na mkwaju.

Mkwaju huo uko karibu na Ziwa Katavi. Husimuliwa kwamba ndimo unamokaa mzimu wa Katabi, mwindaji ambaye hifadhi imerithi jina lake, na watu huacha sadaka chini yake kuomba baraka. "Mti wenye hadithi haukatwi," Bibi alisema.

Nikamuuliza kuhusu maua ya porini. Akacheka. "Maua nani anayatambikia, mjukuu wangu?"

Swali lile lilinikumbusha Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini. Wenyeji waliuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Hata hivyo viazi vya okidi zake vilichimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Kiazi kikishang'olewa, mmea wake umekwisha. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Kwa hiyo hata ua linaweza kupata sheria na askari. Lakini maua mengi yetu yanaota nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye mashamba ya watu kama mjomba wangu.

Mjomba alikuwa anaongeza shamba la mahindi upande wenye miti. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na chini ya miti yalichomoza maua mekundu ya duara, kila moja juu ya bua lake, kabla ya majani kukua. Wataalamu huyaita Scadoxus multiflorus. Bibi aliyaita ua la mvua. "Likitoka, mama yangu alikuwa anatafuta mbegu," alisema. Hapo nikaelewa kwamba ua nalo lilikuwa na hadithi. Hakuna aliyewahi kuwauliza wazee.

Kesho yake tuliwachukua wajukuu wawili. Tulinyoosha kamba, wakahesabu maua yaliyokuwa ndani yake na kuyachora kwenye daftari. Bibi aliwaonya wasionje vitunguu vyake kwa kuwa vina sumu, na wanawe mikono kila wakivishika. Kisha nikamwomba mjomba siku mbili kabla hajaingiza plau.

"Mtoto wa dada, maua hayajazi ghala," alinijibu. Alikuwa na haki: ana watoto sita. Lakini kulikuwa na kichuguu ambacho ng'ombe wasingeweza kukilima, akatuachia. Watoto walichimba vitunguu 11 pamoja na udongo wake, wakavipanda pale. Vingine vililimwa.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, mdogo wao alinipigia simu kwa simu ya mjomba.

"Shikamoo. Yametoka saba."

Nyuma yake nilimsikia mjomba akimsahihisha: "Manane. Hesabu na lile la nyuma." Kisha akauliza kama mbegu za mahindi zimekwisha kutafutwa.