Msamiati wa Linux na Lugha ya Gati la Mbaraki

Makala haya yanakusudia kuitazama historia fupi ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili kwa upande ambao sisi wanaisimu huupuuza. Tumezoea kuuliza ni nani aliyelibuni neno na kwa kanuni gani. Ni nadra kuuliza neno hilo lilimfaa nani siku mashine ilipogoma.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Kwetu, hatua kubwa ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kwa msaada wa Uswidi kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Jina Kilinux lenyewe lapendeza: kiambishi ki- kimetangulizwa kana kwamba Linux ni kabila lenye lugha yake.

Mombasa, kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika pwani mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Ubuntu ilikuja kwa njia ya posta. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Canonical ilikuwa ikiwapelekea walioomba diski zake bila malipo. Aliyeipata, mara nyingi mwalimu wake wa pekee alikuwa ni maandishi ya kwenye skrini. Basi ubora wa maandishi hayo haukuwa jambo dogo.

Tuchukue mfano wa neno la siri. Ubuntu huifunga akaunti ya mkuu wa mfumo, na mtumiaji akitaka kuweka programu mpya kwa njia ya amri huandika sudo, kisha neno lake mwenyewe la siri. Katika matoleo mengi, aandikapo, hapaoneshwi herufi wala nyota. Mgeni hudhani kibodi imeharibika, kumbe yafanywa makusudi ili jirani asiihesabu hata idadi ya herufi. Sentensi moja ya Kiswahili ingemwondolea hofu. Huyo mkuu wa mfumo kwa Kiingereza huitwa "root", na jina hilohilo hutumiwa kwa mwanzo wa mti wa mafaili. "Mzizi" laufaa mti, bali kwa mtu halifai, "msimamizi" lamtosha.

Juu ya majina ya vitu tumebishana kupita kiasi: kompyuta, ngamizi au tarakilishi, faili au jalada. Hatusemi ubunifu ni bure. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyeishi Mombasa, alitupa "runinga", na wapo wanaoitumia hadi leo. Lakini anayeijua kazi ya "faili" hakwami kwa sababu hakuliita jalada. Hukwama kwenye vitenzi.

Ushahidi ni diski ya flashi. Mtu akinakili faili, Linux huweza kuihifadhi data kwanza katika kumbukumbu ya mashine, ikaiandika diskini baadaye kidogo. Kwenye skrini kazi huonekana imekwisha. Yeye huivuta diski, akifika kwake faili haipo au haifunguki. Dawa ni kuuagiza mfumo uiachilie diski kwanza na kungoja jibu, au kutumia amri ya sync, inayolazimisha yaliyosalia yaandikwe. Kwa Kiingereza kuiunganisha diski huitwa "mount", urithi wa zama ambapo fundi alizipachika kanda mashinani kwa mkono. Mfasiri akitegemea kamusi peke yake atapata "panda", na msomaji atadhani anaagizwa kukwea. "Pachika" lakaribia asili, ila halimwonyi mtu juu ya kilichobaki nyuma.

Mkazi wa Mbaraki, jirani wa gati, angefahamu mara moja akiambiwa: "Ngoja, shehena bado inapakiwa." Aonaye vyombo kila siku ajua kwamba kikiondoka mapema mzigo hubaki nchi kavu. Wala si kuazima mbali: "pakia" na "pakua" tayari hutumika kwa kupeleka na kuleta mafaili mtandaoni, ijapokuwa jikoni "pakua" limebaki na sufuria yake. Kwa tendo la mwisho twapendekeza "achilia diski". "Ng'oa" liepukwe kabisa, kwani ndilo litakalomfanya mtu avute.