Shingo iliyofichwa na mabega



Ikitajwa CT twakimbilia kichwa. Ni haki yake: mgonjwa wa kwanza, tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, London, alipigwa picha ya ubongo. Mashine ilikuwa ya Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, hao hao wa santuri. Hesabu zake Allan Cormack alikwisha kuzichapisha 1963 na 1964, karibu hakuna aliyemjali, mpaka wakagawana Nobeli 1979. (Cormack ni mzaliwa wa Johannesburg, tusisahau!)

Lakini mie naona deni letu kubwa kwa CT liko kwenye shingo. Eksirei ya kawaida hubandika mfupa juu ya mfupa. Pingili ya saba ya shingo, pale inapokutana na ya kwanza ya kifua, hufichwa na mabega. Basi ilikuwa majeruhi avutwe mikono kwenda chini ili mabega yapishe, na huyo ni mtu ambaye huenda shingo imevunjika! Picha ikitoka, mara nyingi ukungu mtupu.

CT yenyewe hukata vipande vyembamba, bega halizuii kitu. Sasa mbona ilichelewa? Kasi. Ya mwanzo ilichukua dakika kadhaa kwa mkato mmoja, tena kichwa tu ndicho kilichoingia. Mpaka ilipokuja skana ya kuzunguka mfululizo, 1989, na ile ya safu nyingi za vipokea-mionzi, 1998, ndipo shingo nzima ikapigwa kwa sekunde tu. Mwaka 2005 Holmes na Akkinepalli walijumlisha tafiti zilizokuwapo: eksirei iligundua asilimia 52 ya majeraha ya shingo, CT 98. Yaani karibu nusu yalikuwa yakipita! Mwaka 2009 mwongozo wa EAST, chama cha madaktari wa majeruhi huko Marekani, ukaiweka CT mahali pa eksirei.

Ila CT ni fundi wa mifupa. Kano zinazofunga pingili, na ugwe wenyewe upitao ndani yake, huonekana vizuri kwa MRI. Tangu 1982 Pang na Wilberger walieleza watoto walioumia ugwe bila mfupa kuonekana umevunjika. Kwa hiyo majeruhi mwenye ganzi au mkono uliolegea, hata CT ikitoka safi, hafunguliwi kola akaambiwa aende nyumbani. Na pasipo na CT, eksirei isiyoonyesha pingili ya saba haijasema kitu. Kola ibaki shingoni na mgonjwa apelekwe mbele.