Wenzo (jiometri ya mwendo)

Wenzo ni fimbo ngumu, kama mtaimbo, inayozunguka kwenye nukta moja isiyosogea iitwayo egemeo. Ncha zake haziendi kwa mstari ulionyooka. Kila moja huchora tao la duara ambalo kitovu chake ni egemeo.

Darasani, rula ya mita moja hupigiliwa msumari ubaoni kwenye alama ya sentimita 20, na chaki hufuata ncha zote mbili rula inapozungushwa. Matao mawili hujitokeza, dogo na kubwa. Ncha ndefu ikishuka sentimita 20, fupi hupanda 5 tu, kwa sababu pembetatu mbili zilizokutana msumarini zinafanana, na pande zake zina uwiano wa 4 kwa 1. Kwa uwiano huohuo, ukiacha uzito wa rula, jitihada ya nyutoni 10 husawazisha mzigo wa nyutoni 40. Inafaa mwanafunzi ayaone matao haya kabla ya kupewa fomula. Archimedes wa Siracusa, katika karne ya 3 KK, naye alithibitisha kanuni ya wenzo kwa njia ya jiometri.

Mkasi ni nyenzo mbili zenye egemeo moja.